Namba Tatu

Siku za kazi napima korosho, najua kilo.
Jumamosi, uwanja wa saruji, Mkomaindo,
naandika pointi. Daftari ni lilelile,
nimeligeuza tu, naanzia nyuma.

Namba tano ni Chilumba: mrefu, rahisi kumwandika.
Namba moja anafoka, hiyo nusu ya kazi yake.
Lakini Somoe Nandonde, namba tatu,
nimweke safu gani?

Si mrefu, si mfupi.
Mpira ukipotea yupo, ukipatikana keshaondoka,
anakata kona pale saruji ilipopasuka.
Kipindi kizima amemzuia yule wa Newala
mwenye mabega ya mlango
mpaka mwenyewe akachoka kuuomba mpira.
Hilo linaandikwa wapi?

Sekunde nane. Tuko nyuma kwa pointi moja.
Kila mtu, hata muuza ubuyu, anamtazama Chilumba;
watatu wamemganda kama kupe.
Somoe anapokea pembeni, anaruka kama wa kutupa.
Wawili wanamwacha Chilumba, wanapanda naye.
Akiwa hewani anauachia mpira chini,
chini kabisa, unadunda mara moja
katikati ya miguu ya watu.

Chilumba, mbili. Nikaandika.

Kwa Somoe nikaweka nukta ya penseli,
ile ninayoweka ubavuni mwa gunia
ambalo korosho zake zimekauka sawasawa.

Mwamuzi alipokuja kusaini akauliza,
"Na hii nukta?"
Nikamwambia wino umevuja.
Akaitazama penseli mkononi mwangu,
akasaini.