Mhunzi, Mlango wa Tatu

Kondele, ghorofani, juu ya duka la mbolea,
shilingi ishirini kwa nusu saa, feni imekufa,
mimi na Olweny tukaumaliza mchezo wa kwanza.
Wa pili ukaja na dunia yake:
bahari pale palipokuwa na mlima,
shujaa asiyejua lolote kuhusu shujaa wetu.

Lakini kijijini, mlango wa tatu,
yule mhunzi. Kidole kimoja hana.
Anauza upanga uleule wenye kutu
kwa bei ileile, na anatuita wageni.

Olweny alicheka hadi soda ikamtoka puani.
"Huyu si tunamjua!"
Yeye hakutujua.

Katika wa tatu ana ndevu. Katika wa nne ni mwanamke,
kidole kilekile hakipo.

Sasa ni wa tano. Niko Nakuru, Kaptembwo,
peke yangu, umeme umerudi usiku wa manane.
Nyumbani mtoto wa dada amepewa jina la Olweny.
Ana miezi minane. Masikio ni yaleyale.
Nilipombeba alinililia kama mgeni.

Nafungua mlango wa tatu.
"Karibu, mgeni."
Nanunua upanga. Siuhitaji.
Nalipa bila kuomba kupunguziwa.