Kucha Hazitupwi

Meli imetia nanga nje, mkabala wa Shela.
Haiingii ndani; mkondo wetu hauna kina cha kuibeba.
Nami, Mwanaesha wa Langoni, niliyezaliwa hatua mia kutoka gatini,
naitazama paa ya nyumba yangu kwa kioo cha sitaha ya saba,
miguu ikiwa ndani ya beseni linalotokota bila moto.

Shekuwe mwanangu ndiye aliyelipa.
"Mama, eda umetoka zamani. Kaa, uhudumiwe."
Mimi!
Miaka thelathini na minane nimekunja magoti mbele ya maharusi wa watu,
nimewasugua kwa singo hadi wakang'ara kama sinia la shaba,
nimewachora maua kutoka wayo hadi muundi,
nikajua yupi analia kwa furaha, yupi kwa kukosa budi.
Mguu hausemi uongo. Uso ndio fundi wa kuficha.

Leo niko juu mimi,
na mtoto wa watu yuko chini, kwenye kigoda cha magurudumu.
Sikujua nitazame wapi.
Nikatazama kibandiko cha jina kifuani mwake,
nikasoma LIWA, nikasita hapo hapo,
pua ikanusa msandali unaosagwa juu ya jiwe.
Kumbe jina linaendelea: Liwayway.
Kwao Ufilipino, akasema, ni alfajiri.
Kwetu, nikamwambia, nusu yako hupakwa bibi harusi.
(Kiingereza chake cha kuunga, changu cha viraka; tulielewana.)

Ana mkono mwepesi, sikatai.
Ila hushika kidole, hashiki kisigino,
na mguu usioshikwa kisigino hauna imani.
Nikanyamaza. Fundi hasahihishwi mbele ya wateja.
Akapita na tupa kwenye magaga yangu,
unga ukamwangukia mapajani kama wa muhogo,
hakukunja pua.
Hapo nikampenda.

Kisha akafika kwenye kidole gumba cha kulia.
Kucha zote zilikwisha kuwa nyeupe, ila ule mmoja,
kwenye ncha, ulikuwa na ukingo mwekundu
mwembamba kama mwezi wa siku mbili.
Akachovya pamba kwenye dawa, akasugua.
Akasugua tena.
Akadhani uchafu, akadhani ugonjwa,
akaniinulia uso wa pole.

"Haitoki," nikamwambia. "Ni hina."

Sikumwambia ya lini.
Ya usiku ule wa Rajabu, iliyobaki bakulini
baada ya harusi ya kina Vae.
Twalib akasema usiitupe, lete mguu,
akanipaka yeye, kwa kijiti cha kiberiti, vibaya,
ikavuja hadi kwenye ngozi,
tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Siku ya tisa nilikuwa mjane.
Miezi minne na siku kumi sikuigusa hina,
na ukucha, usiojua msiba,
ukaendelea kuisukuma mbele.

Mkasi wake ukafungua mdomo.
Ningeweza kusema: acha huo.
Neno lilikuwa limefika ulimini; nikaliacha lilale.
Ukakatika, ka!
kama mbegu ya tikiti chini ya jino.

Rangi, mama? Akanipangia chupa ishirini.
La. Maji ya udhu hayapiti rangi.
Nipe kucha zangu.
Hakuelewa. Nikamwonyesha sakafu, nikamwonyesha kiganja.
Kwetu hazitupwi jalalani, huzikwa.
Akashuka kigodani, akapiga magoti,
akaziokota chini ya kiti, akizihesabu kwa lugha ya kwao.
Vipande kumi na kimoja:
ule wa gumba ulivunjika viwili, cheupe na chekundu.
Akavifunga kwenye karatasi laini yenye nanga ya dhahabu ya meli.
Nami, kabla ya kuvaa makubadhi, niliinama
nikamshika kisigino juu ya soksi yake nyeupe:
hapa, mwanangu. Hapa kwanza.

Boti ya kwenda mjini huondoka saa nane.
Mlangoni kijana mmoja anagawa ramani za Lamu.
Akanipa yangu, akanionyesha gati kwa kalamu,
akaniambia vichochoro ni vingi, nisipotee.
Nikamshukuru.
Nikaitia mkobani, juu ya kucha.