Siku Tisa

Kisima cha kwanza Verlyn Ostby alikichimba kwa siku thelathini na moja.
Akapima, akafuta, akapima tena:
keekee isibadilishwe kila zamu,
mchanga utoke hapahapa Dakota,
maji machafu yarudishwe kazini.
Siku kumi na nane.
Siku tisa.

Ofisini wakampigia makofi, wakampa kofia na keki.

Sasa mtambo unajihamisha kwa miguu yake ya chuma,
theluji ikilia chini yake,
na skrini moja huko Denver inachunga visima sita.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.
Verlyn, kisima kimemtoa.

Yuko jikoni, saa kumi alfajiri, amevaa buti,
anapima kahawa kwa kijiko.
Vijiko viwili ndiyo desturi.
Leo anajaribu kimoja.