Mambo Ninayobishana na Tumsifu

Kwanza, bomu haliwezi kulia angani.
Huko juu hakuna hewa, na pasipo hewa sauti haina barabara.
Nimelisema hili mara mia mbele ya kibanda cha Papa Sebagenzi,
pale Birere, franka mia tano kiti, mia tatu kusimama,
na kila mara Tumsifu hunijibu:
"Kavira, nimelipa mia tano. Nataka mlipuko."

Haya, mlipuko nakubali.
Joka sikubali.
Si kwamba majoka hayapo, hilo namwachia aliyeliona.
Nasema mtunzi wa filamu ile hajawahi kulala jirani na moto.
Joka lake linatema miali usiku kucha,
na asubuhi nguo zimeanikwa, nyeupe!
Huku kwetu mlima ukikohoa tu
tunapangusa majivu kwenye mfuniko wa sombe,
maji ya mvua yanakwaruza koo,
mbuzi wanakataa majani.
Joka lisilochafua nguo, hilo ni taa.

Na wale wageni wa nyota,
mbona hushukia miji yenye vioo?
Chombo chao kimejaa koltani, naapa,
hakiruki chombo bila udongo wa Rubaya.
Basi waje wasalimie wenye mali.
Washuke Ndosho saa kumi na mbili jioni,
barabara imefurika makala na chukudu,
tuone nani atamteka nani.
Kizuizini wataombwa karatasi.
Wataambiwa muhuri upo, ndiyo,
ila wino wake haujakauka vizuri.

Tumsifu hucheka mpaka akashika ukuta.
Yeye ni mtu wa kanisa, mwimbaji wa sauti ya tatu,
na anaamini kabisa kwamba siku moja roboti atabatizwa.
Mimi niliyesoma fizikia miaka miwili, hadi ada iliponishinda,
sifagii nyumba usiku.
Usiniulize. Sifagii tu.

Koko alikuwa akituonya juu ya mazuku,
upepo mbaya unaolala mashimoni,
unaochukua mbuzi, unaochukua mtoto
aliyelazwa chini mama yake akilima.
Wa mgongoni hupona.
Akaja kijana wa kituo cha volkano na kipimo chake,
akakishusha shimoni kwa kamba, kikalia.
"Ni gesi, koko. Nzito kuliko hewa. Inatuama kama maji."
Koko akamtazama, akaitazama kamba.
"Na mimi nilisema nini?"
Akamkaribisha sambaza za kukaanga.
Tangu siku hiyo sibishani habari za sayansi na imani,
angalau si kabla ya kula.

Jana umeme ulikatika filamu ikiwa katikati,
gizani tukafika kwenye mashine ya wakati.
Tumsifu angerudi nyuma kabisa,
awaue wabaya wangali watoto.
Mtu wa kanisa!
Mimi ningerudi Buhene, Jumamosi ile ya Mei,
jua limezama, anga bado ya kawaida,
jirani anapiga kelele kuhusu kuku.
Mlima nisingeuzuia. Nani angenisikiliza?
Ningeingia ndani nikaitoe cherehani ya mama
na gauni la bluu lililobaki chini ya sindano,
mkono mmoja umeshonwa, mmoja bado.
Dakika kumi zingenitosha.
Tatizo ni uzito. Ile ya kukanyaga, ya chuma,
inataka mtu wa kushika upande wa pili.

"Ningekuja," akasema Tumsifu,
na safari hii hakucheka.

Kisha umeme ukarudi.
Roboti, aliyekuwa amekwama mguu mmoja juu,
akaushusha, akaendelea na vita vyake,
na bomu likalia angani,
kubwa, kwa sauti ya spika iliyochanika.
Sikusema kitu.