Kichupa Kwapani

Saa moja, alisema bwana wa maabara,
isizidi saa moja, na kisipoe.
Akatupa kichupa chenye mfuniko mwekundu
na karatasi ya jina la mume wangu, herufi mbili zimekosewa.

Ilikuwa Julai. Mbeya ya Julai mnaijua:
maji ya bomba yanauma meno,
Loleza imejigubika shuka mpaka saa nne.
Anyosisye alibaki gesti, Sokomatola,
ameketi ukingoni mwa kitanda, hataki nimtazame.
Mimi nikashuka ngazi, kichupa kwapani,
ndani ya sweta mbili na kitenge,
kama kuku aliyejaliwa yai moja.

Sijawahi kutembea vile.
Mwenye bajaji akauliza, Dada, unaumwa?
Nikasema hapana, nimebeba.
Neno likanitoka kabla sijalipima.
Nimebeba.
Dakika kumi na nane, Sokomatola hadi Rufaa,
nilikuwa mjamzito.

Kabla ya hapo, miaka sita, wa kupimwa nilikuwa mimi.
Walinipiga picha ya mirija, dawa ikapanda tumboni kama pilipili;
daktari akasema iko wazi, yote miwili.
Walinitoa damu siku ya tatu, siku ya ishirini na moja.
Kila alfajiri niliandika joto la mwili
kwenye daftari la mauzo ya viazi:
safu ya magunia, safu yangu.
Huku Isongole nikapakwa mafuta,
nikaambiwa nimsamehe shangazi ambaye alishakufa.
Na kila Jumamosi mama mkwe alileta kikombe,
mizizi aliyoichimba mwenyewe, imechemka hadi kuwa lami.
Kunywa, alisema. Hakuwa mbaya.
Magoti yake yalikuwa na udongo.
Yeye ni Mama Anyosisye tangu ana miaka kumi na tisa.
Mimi kwenye kikoba wananiandika "Mke wa",
halafu kalamu inasimama kidogo.

Majibu yalitoka Alhamisi.
Milioni mbili, daktari alisoma, nami nikafurahi:
nani kwetu amewahi kuwa na milioni mbili za kitu chochote?
Akatikisa kichwa. Zinatakiwa kumi na tano na zaidi,
na hizi nyingi haziogelei.
Uliwahi kuugua matubwitubwi ukubwani?
Anyosisye akashika taya, kana kwamba bado limevimba.
Kidato cha pili, bwenini, wiki mbili
alitembea miguu imeachana na wenzake wakamcheka,
naye akacheka nao.

Vidonge miezi mitatu, sigara basi, kisha mpime tena.
Ikishindikana, kuna kupandikiza, Dar es Salaam.
Akataja bei. Nikaigeuza magunia:
mia mbili na arobaini, mbolea sijatoa.

Uyole hakusema. Igawilo hakusema.
Kwenye kona za Isyonje akasema, Mama asijue.
Nikageukia dirisha. Wanawake walikuwa wanachambua viazi,
vya mbegu huku, vya kula huku.
Sikumjibu.

Jumamosi kikombe kikaja,
kikawekwa mbele yangu, kinafuka, kama kawaida.
Nikanyoosha mkono.
Mkono wake ukafika kwanza.

Ile dawa naijua mimi:
funda la kwanza linakunja ulimi,
la pili linatoa machozi,
machicha hukaa kooni mpaka Jumatatu.
Alikunywa na machicha.
Akakitua kikombe upande wake wa meza, taratibu,
asikigonge.

Mama Anyosisye akamtazama mwanawe.
Akanitazama mimi.
Akatazama kucha zake, udongo wa miaka sita.
Nje mtu alikuwa anaita mbwa, anaita tu, mbwa haji.

Ni chungu? akauliza.

Hakuwahi kuuliza.