Kidato cha Kumi na Moja

Shule yetu haina kengele.
Ina ngazi ya vidato kumi na saba
kupanda juu ya lililokuwa duka la mazulia,
na harufu ya sufi haijahama
ingawa mwenye duka alifilisika zamani.
Saa tatu kasorobo nawasha kibaniko cha mkate.
Slesi sita, watoto sita.
Siku njema wanakuja wanne.

Grimsby, Februari. Upepo wa Bahari ya Kaskazini
unaingia chini ya mlango bila hodi.
Mama zao wako kiwandani tangu alfajiri,
kofia za wavu kichwani,
wanapanga vipande vya samaki kwenye maboksi.
Samaki mkunje angali mbichi, husema watu.
Sawa. Na huyu aliyenifikia
amekwisha kugandishwa,
nimkunje, avunjike,
au nimweke karibu na hita, nisubiri?

Brody Cawthorne, miaka kumi na mitano.
Kofia ya koti imemfunika hadi puani.
Jumatatu hasemi.
Jumanne anasema neno moja, silirudii hapa.
Jumatano anakula mkate wake na wa Oskar,
na Tegan, aliyemvunja mwalimu kidole mwaka jana,
anamsogezea siagi
bila kumtazama.

Sikumjulia kwenye faili.
Nilikuwa naibu mkuu kule shule kubwa,
yenye geti la umeme na kaulimbiu ya dhahabu ukutani.
Barua ya kumfukuza niliiandika mimi.
*Kwa masikitiko makubwa*, niliandika,
kisha nikaenda kula chakula cha mchana.
Kilikuwa pai. Nakikumbuka.
Kiti alichorusha kilivunja dirisha la maabara,
tukapiga hesabu ya kioo, ya fundi, ya siku za kusubiri fundi.
Hakuna aliyeuliza kijana alilala wapi
usiku wa kuamkia kiti kile.

(Alilala ndani ya gari la baba yake.
Baba hakuwemo.
Hilo nimelijua huku juu, kwa Tegan.)

Alhamisi tunapima ngazi.
Nampa futi kamba; anaipokea kama mtu
anayepokea kitu atakachodaiwa kesho.
Anapiga magoti. Anapima kimo, anapima upana,
kidato baada ya kidato, na mimi naandika.
Kumi na nane. Kumi na nane. Kumi na nane.
Halafu kimya.
Anapima tena. Anapima mara ya tatu.
"Hiki ishirini," anasema.
"Ndiyo maana watu wote wanajikwaa hapa.
Siyo miguu yetu. Ni fundi."

Kidato cha kumi na moja.
Ndicho angekuwa anasoma sasa
kule kwenye geti.

Nikiwa bado naandika, anasema, macho kwenye mbao:
"Barua yako ilikosea tarehe.
Uliandika tisa. Ilikuwa nane.
Ninayo."

Nilikuwa na maneno, Mungu anajua,
miaka ishirini na miwili ya maneno ya mikutanoni.
Nikasema, samahani.
Likadondoka ngazini kama sarafu ya nchi nyingine.
"Andika ishirini," akasema. "Hujaandika."
Nikaandika.

Ijumaa hakuja.
Nilipanda peke yangu, mkate kwapani, gizani,
taa ya ngazini imekufa tena,
na pale nilipojikwaa kila asubuhi tangu Septemba
nikaona chaki, herufi kubwa, za kupinda:

INUA MGUU

Nikainua.
Nikawasha kibaniko.
Slesi sita.