Nikaandika Nne

Mwezi wa sita baridi ya Katuba haibishi hodi.
Hupita chini ya mlango wa zahanati,
hupanda miguu ya vitanda,
huwatafuta wale inaowajua kwa majina.

Kyungu alimleta Kabange mgongoni.
Pacha, siku moja, tumbo moja,
ila damu hawakugawana sawa.
Akamlaza taratibu kama trei ya mayai,
akakimbilia zamu yake kiwandani.

Nikauliza kama tulivyofundishwa:
kutoka sifuri hadi kumi, maumivu ni ngapi?
"Tisa," akasema, macho kwenye simu,
kidole gumba kikisukuma vitone vya rangi.

Mtu wa tisa hachezi simu.
Mtu wa tisa huita mama yake, huuma shuka.
Na huyu, mara ya tatu tangu Pasaka,
anaitaja dawa kwa jina, pamoja na miligramu zake.
Kwenye chai tulishasema: ameizoea.
Nikaandika nne.
Nikampa kidonge cha nne.

Somo la damu nilipata kumi na sita kwa ishirini.
Nilichora seli mundu kwa kalamu nyekundu,
nikaupinda ukingo wake hadi mwalimu akasifu.
Mundu ule huvuna nini, hakuna aliyeuliza.

Usiku wa manane nikapita na tochi.
Simu ilishazima.
Kidole bado kinakwenda juu ya kioo cheusi,
kushoto, kulia, kushoto,
na mguu umewekwa kando
kama kitu cha kuazima.

"Hujalala?"
"Mimi hulala kwenye tano, Mama Kaumba.
Kwenye tano nauza mikate, nacheka na wateja.
Kulia nililia nikiwa na miaka saba.
Mifupa ikisikia kilio, inazidi."

Sikuwa na neno. Nilikuwa na ufunguo wa kabati.
Sindano. Dripu. Maji ya moto kwenye chupa ya soda,
nikaizungushia kitenge changu.
Kidole kilichelewa kusimama.

Asubuhi nikafungua daftari.
Nne yangu imenyooka, mwandiko mzuri.
Daftari la wagonjwa halifutwi:
nikapiga mstari mmoja, nikaandika pembeni
tisa, tangu alipoingia,
na jina langu lote, si saini.

Daftari la Pasaka liko kabatini, rafu ya chini.
Sijalifungua.